Msafara wa milimani: gari mmeiandaa, kundi je?

Ndugu mhariri, kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi salama tu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kitu kuhusu hii misafara ya magari inayopanda milima yetu ya nyanda za juu kusini, maana kila ikikaribia sikukuu au wikiendi ndefu yanaanza kupita hapa Uyole, Prado, Hilux, Land Cruiser mkonga (zile zenye bomba la hewa lililopandishwa ubavuni), vi-Jimny, siku hizi mpaka Harrier, wengine wanaenda hifadhi ya maua ya Kitulo, wengine wanapanda njia ya Chunya kupiga picha pale Mwisho wa Dunia, wengine wanaunganisha mpaka Matema kwenye mchanga. Sina ubaya na starehe ya mtu, mimi ni fundi, hiyo ndo ugali wangu. Ila nataka niwaambie hao ndugu zangu kwamba wanaandaa gari afu wanasahau kuandaa kundi, na matatizo mengi yanayonifikia gereji Jumatatu hayatokani na gari mbovu, yanatokana na watu ambao hawakukaa chini wakaelewana kabla ya kuwasha injini.

Mtu anakuja anataka afungiwe taa za juu ya bodi, tairi za meno makubwa, mkonga, stika ya jina la kundi ubavuni, hela anatoa bila kulia. Namuuliza, bosi, nani anaongoza huo msafara? Hajui. Gari gani inakaa nyuma kabisa? Hajui. Kamba ya kuvutia anayo nani? "Si kila mtu atakuja na yake fundi." Mkikwama saa 10 jioni mnageuza au mnaendelea? Hapo anacheka, ananiambia tutajuana huko huko. Sasa huko huko ni wapi jamani, kwenye ukungu wa Kikondo, njia ya Kitulo, ambapo huoni hata boneti yako mwenyewe ndo mnaanza kuulizana nani mkubwa?

Kwa wasioijua hii milima niwaeleze kidogo. Kwenda Kitulo kuna njia mbili ambazo wengi wanazitumia. Moja unatoka Uyole kama unaenda Tukuyu unakata kushoto Isyonje unapita Kikondo. Nyingine unafuata barabara kuu ya Dar mpaka Chimala, kama kilomita 78 kutoka Mbeya, pale unaiacha lami na tambarare ya Usangu unaanza kuparamia ukuta kwenda Matamba, njia yenyewe inaitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya idadi ya kona zake. Ukifika juu kwenye uwanda uko mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari na vilele kama Mtorwi vinagusa 2,961. Watu wanasikia hizo namba wanaona ni habari za watalii, kumbe ni habari za injini. Injini isiyo na turbo ikifika huko imeshapoteza karibu robo ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi, na maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100. Rejeta inahimili kwa sababu mfuniko wake unabana presha, mfuniko ukiwa umechoka presha inatoka na gari inachemsha katikati ya mlima wakati mjini haijawahi kukusumbua hata siku moja. Mfuniko wa rejeta ni kitu cha bei ndogo kabisa, lakini sijawahi kuona mtu anakuja gereji anasema fundi nipimie mfuniko, anakuja anasema nifungie taa.

Ndo maana nasema gari dhaifu kuliko zote ndo inayopanga ratiba ya kundi, sio gari ya mwenyekiti. Mnaweza mkawa na Land Cruiser tano zenye difu loki (inayolazimisha tairi za kulia na kushoto zizunguke pamoja) na gia ndogo (zile za nguvu nyingi na mwendo mdogo), lakini kama jamaa mmoja kaja na RAV4 ambayo haina gia ndogo basi nyie wote leo mna RAV4, mwendo ni wake, njia ni ya kwake, na mkiona kipande hakiwezi basi hakuna anayeenda. Mkimwacha nyuma ajitegemee mtarudi kumtafuta usiku. Na msimweke mkiani, mwekeni katikati, nyuma kabisa akae dereva mtulivu mwenye gari yenye nguvu, vifaa vya kuvutia na boksi la huduma ya kwanza, maana mtu wa nyuma ndo anayemuona kila aliyekwama. Wengi wanafanya kinyume, wale wazoefu wote wanakimbilia mbele wakapige drone, nyuma wanabaki wageni na mashemeji.

Kanuni ya msafara ni moja tu ambayo ikishikwa hampotezani, kila dereva anawajibika na gari ya nyuma yake. Kioo chako kikikosa taa za mwenzako unapunguza, usipomuona unasimama, wa mbele yako naye atakukosa atasimama, na hivo hivo mpaka kiongozi. Kwenye njia panda huondoki mpaka wa nyuma amekuona umekata wapi. Mitandao ya simu kwenye mabonde inakata, kwa hiyo ile group ya WhatsApp mliyojiunga watu arobaini haitakusaidia kitu ukiwa upande wa pili wa kilima. Wenye simu za upepo ni vizuri ila ulizeni TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, mambo ya kibali kwanza, na ramani ishusheni kwenye simu mkiwa bado na bando mjini. Na mtu mmoja aliyebaki nyumbani awe na orodha ya gari, majina, njia mnayopita na saa ya kumpigia, asipopata simu mpaka saa fulani ajue wa kumtafuta ni nani. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wana namba yao 114, ya polisi ni 112, lakini kule juu atakayekufikia wa kwanza ni mwanakijiji mwenye jembe, kwa hiyo ukipita kijijini simama usalimie, sio unapita unarusha tope.

Sasa niseme ya gereji, haya ndo yangu na nitakaa nayo kidogo mhariri unisamehe.

Kwanza mniletee gari mapema. Ijumaa jioni saa 12 mtu anakuja na orodha ndefu anaondoka alfajiri, hapo mimi nitafanya nini zaidi ya kuangalia oili na kumwombea. Gari inatakiwa itengenezwe afu itembee siku mbili tatu mjini, kitu kilichofungwa vibaya kijulikane hapa hapa Mwanjelwa sio kona ya arobaini.

Spea tairi. Hizi Hilux na baadhi ya Prado spea inaning'inia chini ya uvungu kwa waya unaokunjwa na mtambo mdogo, unaingiza chuma unazungusha inashuka. Waya ule unakula tope na maji miaka na miaka, nati inaganda, mtu anapata pancha anaingiza chuma anazungusha mpaka jasho, spea haishuki, anayo spea lakini hana. Mimi kila gari inayoenda mlimani naishusha spea chini mpaka iguse ardhi, napiga brashi, natia grisi, napima upepo, maana nyingine ukishafanikiwa kuishusha unakuta haina upepo kabisa. Afu namwambia mwenye gari afungue tairi mwenyewe kwa jeki yake mwenyewe na spana yake mwenyewe mbele yangu. Hapo ndo yanajulikana, nati moja ya kila tairi ina kufuli la wizi na ufunguo wake uko kwa mke wake kwenye droo.

Pili hab za mbele, vile vifungio vya katikati ya tairi. Land Cruiser za zamani na baadhi ya Hilux ukivuta kile kigia cha fo wili haitoshi, lazima ushuke ukazungushe hab kwenye tairi za mbele zisome lock. Usipozifunga tairi za mbele zinaburuzwa tu, nyuma zinachimba, dereva anakanyaga anasema gari haina nguvu. Gari ya kuazima kwa mjomba ndo balaa, mtu hajui hata kama ina hab za mkono au za kujifunga zenyewe.

Tatu difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Mkonga unainua njia ya hewa ya injini peke yake, haulindi kitu kingine. Difu nayo ina kibomba chake kidogo cha kupumulia na kwenye gari nyingi kiko chini huko huko. Umetembea kilomita nyingi difu limepata moto, unaingia mtoni kwenye maji ya baridi ya mlimani, hewa iliyo ndani inasinyaa ghafla na difu linavuta, likikosa hewa linavuta maji. Unatoka ng'ambo unashangilia video imetoka poa. Wiki mbili baadae mtu anakuja anasema gari inalia nyuma, nafungua nati ya chini inatoka oili rangi ya chai ya maziwa, gia zimeshaanza kulika. Dawa yake ni mpira mrefu kwenye kile kibomba uupandishe mpaka kwenye boneti, kazi ya nusu saa. Na ukifika mtoni usiingie na moto, simama kidogo, shuka, pima maji kwa fimbo na kwa miguu yako, kama wewe mwenyewe unaogopa kuvuka kwa miguu basi na gari isivuke.

Breki ndo kubwa kuliko zote. Kupanda Hamsini na Saba ni raha, kushuka ndo mtihani. Breki ya mguu ukiishikilia kona baada ya kona inapata moto, pedi zinaanza kunuka, mafuta ya breki kama ni ya zamani yameshanyonya unyevu wa hewani yanachemka kwenye bomba, ukikanyaga mguu unaenda mpaka chini hakuna kitu. Shuka na gia, gia ile ile ambayo ungepandia, kama gari ina gia ndogo weka ndogo, ya otomatiki vuta L au 2 usiiache kwenye D, breki iguse na uachie. Wale wa kuweka nyutro kubana mafuta sijui niwaambie nini, mnabana mafuta ya buku tatu. Ukisikia harufu simama sehemu ya usalama, weka jiwe kwenye tairi, subiri zipoe zenyewe, usimwagie maji diski inayochemka itapinda au kupasuka. Na anayepanda mpishe, hasa Fuso ya mzigo, akisimama kuondoka kwake ni shughuli.

Mafuta jazeni full Uyole au Chimala. Gari inayokwenda kilomita 9 kwa lita kwenye lami usishangae kule kwa gia ndogo ikakupa 5, afu unajikuta unanunua ya kwenye chupa za maji hujui imechanganywa na nini.

Sasa kuvuta gari iliyokwama, hapa nitakuwa mkali. Kundi likiona gari imezama kila mtu anakuwa fundi, wanafunga kamba popote, mwingine anafunga kwenye ile ndoano yenye kichwa cha duara ya kuvutia trela. Ile haijatengenezwa kwa mvuto wa ghafla, ikikatika inaruka na kamba kama risasi ya kilo kadhaa, inapita kioo cha nyuma na kichwa cha mtu. Fungeni kwenye sehemu iliyoshikwa na chesesi, kwa pingu za chuma zilizoandikwa uwezo wake, na mkanda wenyewe uwe mzima, sio kamba ya katani ya kufungia ng'ombe. Kabla ya kuvuta chimbeni kwanza, hili watu hawalipendi maana kuchimba hakuna video, lakini ukitoa tope mbele ya tairi nne na chini ya difu ukatandika mawe au matawi makavu, mara nyingi gari inatoka na mvuto mdogo tu. Shusheni na upepo wa tairi, kama mjini unatembea na 35 shusha mpaka 20 hivi, tairi inatanuka inashika, ila mwendo uwe mdogo na pampu muwe nayo maana lami ya kurudia huwezi kuipanda na upepo huo. Wakati wa kuvuta koti zito au blanketi lilale juu ya kamba au waya wa winchi, watu wote wakae mbali zaidi ya urefu wa hiyo kamba, na awepo MTU MMOJA tu anayetoa ishara kwa mikono, wengine kimya. Watu sita wakipiga kelele vuta, simama, kulia, dereva anamsikiliza nani?

Huyo mtu mmoja mchagueni mkiwa bado mjini, sio kwenye tope. Hata wa kusema "tunageuza" mchagueni huko huko mjini na mkubali kwamba akisema hakuna mjadala. Wekeni na saa. Huku kwetu jua linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na robo, kwa hiyo kama saa 9 mchana hamjafika nusu ya njia geuzeni, mlima hauhami. Na hiyo kazi msimpe anayekunywa. Wa Iringa wanajua msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukifika kila kijiji kina kitu chake na wenyeji wakarimu, abiria kunyweni, dereva anywe chai.

Kingine ambacho wanakundi hawaulizani ni afya. Nani ana pumu, nani ana presha, nani kaja na mke mjamzito, dawa ziko kwenye begi gani na liko gari ipi. Baridi ya Juni na Julai kule juu sio ya mchezo, asubuhi unakuta sakitu, ule umande ulioganda, imelala kwenye majani, afu mtu wa Dar kaja na kaptula na makubazi kwa sababu kwenye picha kaona maua. Hayo maua yenyewe Juni hayapo, kilele chake ni Desemba mpaka Aprili, yaani katikati ya mvua.

Na hapa ndo penye ugomvi wangu, maana maua na tope vinakuja pamoja na nyie mnakuja na tairi za meno. Nilishuhudia Machi mmoja, kundi moja sitalitaja, lilipita njia ya wakulima iliyokuwa imelegea kwa mvua, gari kama kumi hivi, wakaona raha kuchimba, wanarudi nyuma wanapita tena ili mwenzao apige video. Walipoondoka makorongo yalikuwa yanafika magotini. Kesho yake Fuso ya viazi ikalala pale pale kwenye mashimo yao, viazi vya watu vikanyeshewa, bei mnajua wenyewe mzigo ukichelewa dalali anavyoongea. Vijana wa pale wakafukia kwa majembe bure. Ile kwenu ni offroad, kwao ni barabara, ya mbolea, ya mgonjwa, ya mtoto wa sekondari. Kama mvua imenyesha mfululizo siku mbili tatu ahirisheni, au bakini kwenye njia ngumu ya mawe, na kama mmeshaharibu shukeni na chepeo mfukie nyie wenyewe kabla ya kuondoka. Kwenye bajeti ya msafara mnaweka nyama, mnaweka bia, mnaweka mpiga picha, wekeni na fungu la vijana watakaowasukuma, mkubaliane bei kabla hawajashika gari, sio wametoka tope mpaka kiunoni mnawapa buku tano wagawane kumi.

Ndani ya Hifadhi ya Kitulo ndo kabisa, toka itangazwe kuwa hifadhi ya taifa 2005 hakuna kuacha njia na gari, hata kama pale kwenye majani panaonekana pazuri namna gani. Pale kuna maua ya okidi ya aina nyingi, na kiazi cha okidi ukishakipita na tairi ndo basi. Malipo getini wanataka kwa mtandao au kadi, hilo nalo lipangeni mjini, msianze kuchangishana getini simu haishiki.

Najua wapo watakaosema fundi anatisha watu ili wamletee gari. Zipelekeni kwa fundi yeyote mnayemwamini, mradi ashushe spea chini na mwenye gari awepo anaangalia. Na mhariri, kama itawezekana tafuteni dereva wa Fuso anayepandisha Matamba masika na kiangazi mumpe ukurasa aeleze anavyoshusha tani za viazi kwenye zile kona usiku kwenye ukungu bila stika wala taa za juu ya bodi, mimi mwenyewe nina maswali yangu nataka nimuulize.

Fundi magari,
Uyole, Mbeya